Filoni ya Mzungu: mgodi uliopotea unatafutwaje?

Tulikuwa kwenye matanga, Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki ya Kongo, saa saba za usiku. Mvua ilikuwa imekatika, chai imepoa, na mzee mmoja aliyekaa kimya tangu jioni akaanza kusimulia habari za filoni, yaani mshipa wa madini ndani ya mwamba. Wabelgiji, alisema, walikuwa na mshipa wa dhahabu huko milimani, upande wa Mwenga, mnene kama paja la mtu mzima. Uhuru ulipofika wakakimbia, na siku hiyo waliziba mlango kwa baruti, wakapanda miti juu yake, ramani wakaenda nayo. "Haiko bongo, mtoto yangu," aliniambia, yaani si uongo. "Iko paka pale. Mlango tu ndiyo walifunga."

Vijana watatu waliokuwa wakicheza karata waliziweka chini. Wiki haikuisha, mmoja wao akanipigia hodi nyumbani: kuna mtu anauza ramani ya mlango huo kwa dola 300, na wenzake wameanza kuchanga. "Kaka, wewe ulisomea mawe. Tununue?"

Siku ile nilimjibu kwa maneno machache, tena nikiwa na haraka. Swali lake lilistahili zaidi. Bukavu nzima imezungukwa na dhahabu ya kweli, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu kwamba habari za filoni ni hadithi tu, akakuelewa. Kwao Kamituga, mji wa wachimbaji, anaiona ikipimwa kwenye mizani. Jambo la kumwonyesha ni namna ya kuihoji hadithi: mawe yaulizwe, na makaratasi yaulizwe, kisha tuone kama majibu yanakutana.

Hadithi ya mgodi uliopotea si yetu peke yetu. Iliyochunguzwa sana duniani iko Arizona, Marekani, na nitaanza nayo kwa sababu watu wamekwisha kuifanyia kazi yote ambayo yetu inaingoja.

Jacob Waltz alikuwa Mjerumani kutoka Württemberg, mtafuta dhahabu aliyehamia Marekani. Baadaye alikuwa mkulima karibu na mji wa Phoenix. Mwaka 1891 mto ulifurika, shamba lake likaharibika, naye akaugua. Alitunzwa na mwanamke aliyeitwa Julia Thomas, mwenye duka la mikate, akafia nyumbani kwake tarehe 25 Oktoba 1891. Inasimuliwa kwamba kabla ya kukata roho alimweleza njia ya kwenda kwenye mgodi wake wa siri, ndani ya milima ya Superstition, mashariki ya Phoenix, na kwamba chini ya kitanda aliacha sanduku la mawe yenye dhahabu. Mwaka uliofuata Julia aliingia milimani na vijana wawili katikati ya joto la kiangazi, akatoka mikono mitupu. Tangu hapo watu hawajaacha kwenda. Mwaka 1931 mzee mmoja, Adolph Ruth, aliingia huko na ramani zake, asirudi. Miezi michache baadaye fuvu lake likapatikana. Kisa hicho, badala ya kuwaogopesha watu, kiliwavuta zaidi.

Sasa tuyaulize makaratasi. Marekani ya wakati ule ilikuwa na vitabu vya madai: mtu akigundua mshipa, anaandikisha jina lake, mahali na tarehe. Jina la Waltz limo. Lakini limo kwenye milima ya Bradshaw, karibu na Prescott, katika miaka ya 1860, mbali kabisa na Superstition. Hadithi inapozungumzia familia ya Wamexico, akina Peralta, waliouawa humo wakiwa na misafara ya dhahabu, hakuna karatasi ya wakati huo inayoithibitisha. Na sura ya hadithi tunayoijua leo ilianza kuchongwa na waandishi wa magazeti katika miaka ya 1890, Waltz akiwa tayari kaburini, hawezi kusahihisha neno.

Tuyaulize na mawe. Milima ya Superstition ilijengwa na volkano kubwa zilizolipuka miaka milioni 15 hadi 20 hivi iliyopita. Ni majivu yaliyogandamana na lava, tabaka juu ya tabaka. Mwamba wa volkano unaweza kuwa na dhahabu. Iko migodi mikubwa duniani ya namna hiyo. Lakini lazima maji ya moto yawe yamezunguka ndani yake kwa muda mrefu sana, na maji hayo huacha alama: mwamba uliochujuka rangi, ukageuka udongo mweupe, na mishipa ya jiwe gumu la kwatsi ikikatiza humo. Katika sehemu kubwa ya Superstition alama hizo ni haba. Dhahabu ya kweli ilikuwepo, ila chini, mguuni mwa milima upande wa magharibi, mahali palipoitwa Goldfield. Iligunduliwa 1892, mwaka uleule Julia alipokuwa akihangaika huko juu.

Hapo ndipo hadithi inapoanza kufunguka. Waltz alikuwa na dhahabu? Inawezekana sana; alizunguka na watafuta dhahabu miaka mingi. Wengine hudhani mawe yake yalitoka mgodi wa Vulture, karibu na Wickenburg, ambako wafanyakazi walijulikana kwa kuiba mawe mazuri. Hilo siwezi kuliapia. Ninachokiona ni kwamba dhahabu ya kweli, mtu wa kweli na mlima wa kweli vilikutanishwa na simulizi, ingawa kila kimoja kilitoka mahali pake. Hadithi haikusema uongo mtupu. Ilihamisha.

Turudi kwetu, na nianze chini ya miguu yetu. Rasi za Bukavu zinazoingia ziwani, na sehemu kubwa ya vilima vya mji, ni basalti, mwamba wa volkano ambao ukioza unakuwa ule udongo mwekundu unaoteleza kila masika na kuondoka na nyumba za watu. Ukivuka ziwa hadi Goma ni volkano tena, na huko mwamba una umri mdogo mno: lava ya Nyiragongo iliingia mjini Januari 2002, na mwezi Mei 2021 ikafika ukingoni mwa mji. Mtu akikwambia kuna filoni chini ya lava ya Goma, muulize aliyeiona alipitia wapi. Magma ile, uji wa mwamba wa moto, ilipanda kutoka chini sana bila kupitia kazi ndefu ya kukusanya dhahabu.

Na kazi hiyo ni ndefu kweli. Dhahabu imo katika kila mwamba, lakini kidogo mno: tani moja ya jiwe la kawaida ina miligramu chache tu. Ili iwe mgodi lazima ikusanywe mara elfu na zaidi. Anayeikusanya ni maji ya moto, nyuzi 250 hadi 400, yanayopita katika nyufa za miamba kilomita kadhaa chini ya ardhi, yakibeba salfa, na salfa ndiyo inayoishika dhahabu isidondoke njiani. Ardhi inapominywa milima ikizaliwa, nyufa hufunguka ghafla, msukumo hushuka, maji huchemka au hukutana na mwamba wenye chuma au kaboni, yakaitua mizigo yake. Kwatsi nyeupe huganda ufani na dhahabu ndani yake. Huo ndio mshipa. Hiyo ndiyo filoni. Kwa hiyo haitokei popote. Inafuata nyufa, mikunjo ya miamba, na mpaka kati ya mwamba mmoja na mwingine.

Katika Kivu ya Kusini masharti hayo yapo, lakini lazima uiache basalti ya mjini, uelekee kusini-magharibi. Huko kuna miamba ya ukanda wa Kibara, uliopewa jina la milima ya Katanga, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, na juu yake miamba ya Itombwe iliyokuja baadaye. Imekunjwa kama nguo kwenye sanduku, ikaminywa tena na tena, na graniti zikapenya ndani yake. Graniti hizo ndizo zilizotuletea kasiterite, madini ya bati, na koltani. Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya zimejipanga kwenye mstari mmoja wa kilomita 210 hivi, kutoka kusini ya Bukavu hadi ndani ya Maniema. Mstari huo haukuchorwa na wenye makampuni. Uliwekwa na mikunjo ya ardhi kabla ya mnyama wa kwanza kukanyaga nchi kavu.

Sasa, mtu anauonaje mshipa uliofunikwa na msitu? Njia ya kale ndiyo bado nzuri kuliko zote: anafuata mto. Mvua huusaga mlima, dhahabu hushuka na mchanga. Kwa kuwa ni nzito mara 19 kuliko maji, na mchanga wa kawaida mara 2.7 tu, hubaki nyuma kwenye kona za mto, nyuma ya mawe makubwa, penye mkondo wa pole. Ukiosha mchanga hatua kwa hatua kuelekea juu, utaona chembe zikiongezeka, kisha ghafla zinakatika. Hapo umepita mlango. Chembe zenyewe nazo zinasema. Iliyosafiri mbali imepondwapondwa, pembe zimelainika, na fedha iliyochanganyika nayo imeoshwa pembeni. Iliyo na makali na vipande vya kwatsi bado haijatoka mbali na nyumbani.

Hivyo ndivyo Twangiza ilivyopatikana. Mwaka 1957 wanajiolojia wa Minière des Grands Lacs, kampuni ya Kibelgiji iliyoshika dhahabu ya Kivu, waliifuata dhahabu ya mto Mwana kwenda juu hadi wakafika kwenye mlima wenyewe, wakachimba mitaro na matundu ya kupimia. Hawakuwa na ramani ya siri. Na mlima waliokuta haukuwa na mshipa mnene kama paja. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Twangiza imetawanyika ndani ya mwamba mweusi wa tope lililogandamana, pamoja na madini ya salfa, kiasi ambacho jicho halioni kitu. Mtu angeweza kukaa juu yake na kula muhogo wake, asijue.

Niseme hapa jambo linalowaumiza wengi. Kitu kinachong'aa sana kwenye jiwe mara nyingi ni mika, madini ya vigamba vyembamba, au piriti, madini ya chuma na salfa. Piga kwa nyundo: piriti inavunjika unga, dhahabu inatandazika. Ikwaruze kwenye kigae kisichopakwa ile rangi ya kung'aa: piriti inaacha mstari mweusi wa kijani, dhahabu inaacha mstari wa dhahabu. Hayo ni majaribio ya dakika mbili, na yangewaokoa watu wengi ninaowajua ada za shule za watoto wao.

Mwanzoni mwa 2021 tulipata somo jingine. Huko Luhihi, Kabare, kilomita 50 hivi kutoka Bukavu, watu waligundua mlima wenye dhahabu, maelfu wakafika na majembe, wengine na mikono mitupu, video zikazunguka dunia nzima, na mwanzoni mwa Machi serikali ya mkoa ikasimamisha uchimbaji. Dhahabu ilikuwepo. Lakini mtandaoni yakaenea maneno kwamba udongo wa mlima ule ni dhahabu asilimia 60 hadi 90. Piga hesabu. Asilimia 60 ni kilo 600 katika tani moja. Mgodi mkubwa wa wazi unaishi kwa gramu mbili katika tani. Mgodi wa chini ya ardhi wenye gramu 10 unaitwa tajiri. Kati ya gramu 10 na kilo 600 ndimo hadithi zetu zinapozaliwa, na ninaamini kila kijana wa Kivu angepaswa kuyajua mahesabu hayo kabla ya kuuza mbuzi wa mama yake.

Makaratasi ya kwetu je? Yapo, kuliko tunavyodhani. Dhahabu ilionekana katika mito ya Mwenga miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 Kamituga ilikuwa tayari mji wa kampuni, wenye kambi za wafanyakazi. Kampuni inayotafuta faida haichimbi bila kuandika: kila tundu lina namba, kila galeri, yaani njia ya chini ya ardhi, ina mchoro, kila mwezi una uzito wa dhahabu iliyotoka. Sehemu ya nyaraka na mawe ya enzi hizo iko Tervuren, Ubelgiji, kwenye makumbusho ya Afrika ya Kati, na watafiti wanaruhusiwa kuingia. Na hapa kwetu, Kadasta ya Madini, ofisi ya serikali inayoandikisha haki za uchimbaji, imeigawa nchi yote katika miraba ya karibu hekta 85. Kila mraba unajulikana kama uko huru au una mwenyewe. Mlango wa filoni, kama upo, uko ndani ya mraba fulani.

Kuna sehemu moja ya hadithi ya mzee ambayo historia inaikataa waziwazi. Wabelgiji hawakufunga migodi na kukimbia uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960. Minière des Grands Lacs iliendelea kuchimba. Mwaka 1976 ikaunganishwa na makampuni mengine, ikazaliwa SOMINKI, nayo ikaendelea mpaka katikati ya miaka ya 1990. Nani atafukia mshipa mnene kama paja, kisha akae miaka 30 na zaidi jirani yake akichimba mishipa myembamba kama kidole?

Lakini kukimbia kulikuwepo. Mwaka 1964 waasi wa Simba, ambao wengi kwetu waliwaita Mulele, walitikisa mashariki yote. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji huu wa Bukavu tangu Agosti hadi Novemba, watu wakatawanyika mashambani, Wazungu wengi wakaondoka na begi moja mkononi. Mtoto aliyeona nyumba ya injinia imeachwa wazi, sahani bado mezani, hawezi kusahau. Akikua atasimulia alichoona, na wasikilizaji watajaza alichokuwa anafanya injinia huyo siku ya mwisho. Huo ndio uhamisho ninaouzungumzia: usiku wa 1967 umehamishiwa 1960, na galeri iliyofungwa kwa sababu ya maji imekuwa galeri iliyofungwa kwa sababu ya siri.

Waswahili wa pwani wana mfano mkubwa zaidi. Kwa karne nyingi Kilwa ilineemeka kwa dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alisikia habari zake. Wareno walipokuja waliamini kwamba nyuma ya Sofala kuna mgodi mmoja mkubwa, Ofiri ya mfalme Suleimani, nchi ya dhahabu inayotajwa katika Biblia. Katika miaka ya 1570 wakapeleka jeshi kupanda Zambezi. Kiongozi wake, Francisco Barreto, alikufa 1573 bila kuuona. Aliyemrithi, Vasco Fernandes Homem, alifika nchi ya Manica, na alichokuta ni watu wa kawaida wakichimba mashimo madogo na kuosha mchanga, wengi wao baada ya mavuno. Utajiri uliojenga misikiti ya Kilwa ulitoka kwenye maelfu ya mashimo ya namna hiyo. Homem alikuwa anautafuta mgodi huku amesimama juu yake.

Ukienda Kamituga leo utakuta hivyohivyo. Wachimbaji wanashuka kwa kamba na tochi kichwani, mama twangaise wanatwanga mawe kwa vinu vya chuma tangu asubuhi, vumbi likiwajaa kifuani, wengine wanaosha tena mchanga ambao kampuni ilikwisha kuutupa. Kila mmoja anapata chembe. Zikikusanywa zinajaza mikoba inayovuka mpaka, na hilo linanichoma moyo kuliko filoni yoyote iliyofichwa. Galeri za zamani wanaziingia pia, kwa sababu ya hadithi hizihizi za milango. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza mashimo ya Kamituga maji, watu wapatao 50 wakafa ndani. Galeri iliyoachwa haina anayepampu maji, mbao zake zimeoza, hewa imekufa. Hata kama mlango wa mzee upo, ni mlango wa namna hiyo.

Kwa hiyo kijana yule nilimwambia asinunue ramani. Muuzaji hakuweza kutaja mto unaoshuka kutoka mahali penyewe, wala kama dhahabu iliwahi kuoshwa kwenye mto huo, na mlima alioutaja ukiutazama kwenye ramani ya jiolojia ni basalti tupu. Mtu mwenye filoni haiuzi kwa dola 300.

Mzee nilimrudia, Jumapili moja mchana, na sukari kilo mbili. Sikumuuliza mlango uko wapi. Nilimuuliza baba yake alikuwa anafanya kazi gani. Akacheka, akasema baba yake alikuwa anaingiza mbao galerini, za kushika dari, na jioni walikuwa wanapekuliwa mpaka mdomoni kabla ya kutoka. Nikauliza mto uliopita chini ya kambi uliitwaje. Akaufikiria muda mrefu, akataja jina, kisha la kapita, msimamizi wao, kisha la mtaa wa kambi walimozaliwa yeye na dada zake. Nikafungua ramani kwenye simu na kuifuata ile njia pamoja naye. Ilitupeleka Kamituga. "Na mlango?" nikamuuliza. Akasema siku moja maji yaliingia, wakatoka wote mbio, na kesho yake Mzungu akaamuru uzibwe.